Moshi Ulioonekana kwa Juu

Basra, 4 Aprili

Mdogo wangu Jasib,

Asalaam alaykum. Hujambo? Na Mama, goti limetulia? Sisi wazima, ila joto limeshaanza kutubishia hodi.

Nina neno zito. Kazi yangu unaijua: setilaiti hupita juu ya kinamasi chetu, nasi kwa vipimo vyake tunakadiria hewa ya ukaa inayovutwa na matete na ile inayotoka ardhini. Miaka yote matete yalivuta zaidi. Mwaka huu mambo yamegeuka. Upande wetu matete yanakufa, na tope linalokauka linaachia kila lilichokuwa limekificha. Sioni dalili ya kijani kurudi. Uza nyati wetu wa maziwa wangali na nyama mwilini. Mlete Mama kwangu.

Dada yako,
Nadhima

Chibayish, 19 Aprili

Dada,

Waalaykum salaam. Tu wazima, goti nalo halijambo. Nilimsomea Mama barua yako, akacheka mpaka chai ikampalia. "Muulize huyo msomi, hicho kidude chake kimewahi kukanyaga tope? Maji haya yameondoka mara ngapi yakarudi?"

Nikamwambia, "Mama, Nadhima ameona."

"Ameona kwa juu. Kwa juu hata mimi ni kigoli."

Nyati siuzi. Wachuuzi wameshanusa shida, wanataka wapewe bure. Malai, mafuta ya maziwa ya nyati, nimempa dereva wa gari la Basra akuletee. Uyale na mkate wa moto, umekaa kitako kama mtu, si mbele ya kompyuta.

Mdogo wako mkaidi,
Jasib

Chibayish, 11 Julai

Dada,

Salaam, na unisamehe kimya changu. Mtandao siupati mpaka nitembee hadi barabarani.

Umebaki mfereji mmoja, maji yake machungu kwa chumvi. Nyati waliyanywa, wakapofuka. Kahla, yule uliyempa jina mwenyewe, alishinda akigonga mitumbwi kwa kichwa akitafuta njia. Mama alikaa naye, akimfukuzia nzi, mpaka akakata roho. Waliobaki amewachukua mchinjaji.

Ulisema kweli. Mimi niko tayari kuondoka, Mama ndiye hataki. "Nenda wewe. Mimi juu ya saruji silali." Njoo wewe useme naye. Mimi ananiona mtoto.

Mdogo wako,
Jasib

Basra, 13 Julai

Mdogo wangu,

Salaam. Nimelia kwa ajili ya Kahla, wenzangu ofisini wakadhani nimefiwa. Nakuja na gari, nitambeba Mama hata akinitukana. Niache nimalize hesabu za kiangazi, wakubwa wanazingoja.

Dada yako,
Nadhima

Basra, 2 Septemba

Jasib,

Nijibu. Jana setilaiti iliona moto kinamasini. Niliuona moshi, nikakadiria hewa ya ukaa iliyopanda, nikaandika, nikanywa chai. Leo jioni ndipo nilipotazama vizuri ni wapi. Ni kwetu. Simu yako haipatikani. Natoka sasa hivi.

Dada yako

Najaf, 15 Septemba

Dada,

Asalaam alaykum. Naona tulipishana: ulipokuwa unakuja, sisi tulikuwa tumeshaondoka. Simu yangu niliiacha nyumbani ikaungua, laini nimerudishiwa leo, ndipo ujumbe wako ukaingia.

Matete makavu yalishika moto upande wa upepo. Nilikuwa sokoni. Niliporudi nilimkuta Mama ameketi mferejini, kitambaa kibichi mdomoni. Hakuwa ameungua hata ukucha. Moshi ndio uliommaliza. Nilimbeba mgongoni hadi barabarani, akinikoholea shingoni, akiuliza, "Nadhima amefika?" Nikamwambia, "Yuko njiani, Mama." Alifariki kabla hatujafika hospitali ya Nasiriya. Tumemzika hapa, katika mji mtakatifu, kama alivyousia.

Nimesoma kwamba uliuona moshi ule. Sikulaumu, ungejuaje? Nami ndiye niliyekataa kuuza mapema, kwa hiyo tusianze kupimana makosa. Ila hesabu usinitumie tena. Nimepata kazi ya kufyatua matofali, wapi sisemi. Usinitafute. Siku nitakayoweza kusikia sauti yako bila kusikia kile kikohozi, nitapiga simu mwenyewe.

Jasib