Taa ya Injini, Njia ya Nyakunguru

Mume wangu, baba Achieng,

Sijui nikuandikie wapi, ndiyo maana nasema hapa wazi, anayesoma asome. Duara, lile shimo lenu la dhahabu, lilipowafunika kule Nyakunguru, wenzako wawili walitolewa. Wewe hukutolewa. Wachimbaji wengine walikutafuta siku tisa, maji yakawashinda, wakarudi kwenye maduara yao, maana dhahabu ilikuwa inatoka na hakuna aliyekuwa na muda wa kukaa msibani.

Uliniachia Achieng na lile gari lako kuukuu. Unakumbuka ulivyonifundisha kuliendesha uwanjani hapa Nkende? Nilikanyaga mafuta kama naua nyoka, ukacheka mpaka ukashika tumbo. "Taratibu, mama. Haliendi kwa hasira." Nilikununia siku nzima. Leo ndilo linalotulisha: kila asubuhi napakia masufuria ya wali na maharage, nakwenda kuwauzia wachimbaji.

Wiki kama tatu baada ya wewe kufukiwa, taa ya injini iliwaka, ile ya rangi ya chungwa. Iliwaka mchana kweupe, pale kwenye mlima ambapo njia ya duara lenu inachepuka. Nikakanyaga mafuta, gari likashtuka. Likashtuka tena, kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma. Lilipovuka mlima likatulia. Kesho yake, palepale. Keshokutwa, palepale. Nywele zilinisimama, sitakuficha. Nikawa nazima redio nikikaribia. Baadaye nikaanza kukusalimia.

Nyumbani mama yako alikuwa ameshasema tuzike yago. Unatujua sisi: mtu asiyepatikana huzikwa kwa tunda la yago, lile refu zito. Linalazwa kaburini badala yake, watu wanalia, na yeye anapata kwao. Nilikataa. Nilimwambia mama, kwa heshima lakini kwa sauti, kwamba simziki mtu anayenishika gari kila siku. Mfu hashiki gari. Ndugu zako wa upande wa Kenya, waliokuja kuzika, wakarudi wamenuna. Mama akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Wiki iliyopita gari likagoma kabisa, mlima uleule. Likavutwa hadi kwa fundi Chacha, Tarime mjini. Akachomeka mashine yake, akasoma, akasema silinda moja inamisi, haichomi mafuta, ndiyo maana gari likibanwa linashtuka. Nilimkasirikia. Nikamwuliza mbona ni mlima huo tu. Akaniambia polepole kwamba ukienda na mzigo njia karibu yote unashuka. Kupanda kwa kweli ni pale.

Kisha akafungua boneti, akachomoa koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi. Plagi inakaa chini yake, ndani ya kishimo chembamba, na kile kishimo kilikuwa kimejaa maji. Mvua hatujaiona miezi sasa. Fundi akaniangalia usoni.

"Mama, nani anamwagia maji injini hii?"

Niliyaona yale maji yaliyokufunika, nikakaa juu ya tairi. Naye akaingiza waya, akatoa majani meusi yaliyolowa, yananuka. Harufu ile naijua. Yalikuwa manyasi, dawa yetu ya kuoshea mkosi, na kwetu anayeiloweka ni mtu mmoja tu.

Sikumgombeza mama yako. Nilimpa shikamoo, nikamwekea majani mkononi. Hakukana. Alisema tangu msiba uingie, kila Jumamosi nikienda kufua, amekuwa akifungua boneti na kumimina dawa, kwa sababu uhai wa gari uko pale.

"Nilikuwa namwomba mwanangu akuache upite," alisema. "Uliponiambia anakushika, nikaongeza."

Tulikaa pale chini wawili, hatukuangaliana. Maskini mama, alikuwa anakuomba uniachie na mimi nakung'ang'ania njiani.

Jana nimepita mlimani, koili mpya, plagi mpya. Nilipunguza mwendo makusudi. Nilikusalimia kwa jina lako lote. Gari likapanda laini, taa imezima, na hakuna aliyenivuta. Baba Achieng, mishtuko yote ile haikunitisha kama kule kupanda kimya. Niliegesha juu, nikashuka, nikapiga kilio ambacho nilikuwa nimekataa kukipiga mbele ya ndugu zako. Wachimbaji waliokuwa wanapita na mifuko yao ya mawe wakasimama, wakavua kofia.

Leo asubuhi tumekwenda na mama mtoni, tumeliangua yago. Ni zito kuliko nilivyodhani. Njia nzima ya kurudi mama amekaa kiti cha nyuma, amelipakata, anakuimbia kile alichokuimbia ulipokuwa mchanga. Nimeendesha taratibu.

Kaburi liko tayari upande wa kulia wa nyumba. Njoo ulale, mume wangu. Sikushiki tena.

Mjane wako,
Mama Achieng