Walipima Maramba kwa Antena ya Juu ya Tangi

Mpendwa mshauri, "Kipimo ni kipimo, wataalamu wameona kwa macho yao," ndivyo anavyonijibu mume wangu Moiz kila nikifungua mdomo, nami naomba msaada wako. Sisi tuna duka hapa Maramba, na kuna kampuni inataka kusimika mtambo wa kurusha televisheni ya dijitali kwa vijiji vya huku, ila watu wanabishana kama itumie kiwango cha zamani cha kurusha matangazo, ambacho mitambo yake kampuni inayo tayari, au kiwango kipya kinachosemekana kufika mbali zaidi, na king'amuzi cha zamani hakipokei kiwango kipya, kwa hiyo kitakachochaguliwa ndicho kitakachotufunga sote. Wahandisi wakaja na mtambo wa majaribio kupima, wakachagua nyumba yetu iwe mfano wa nyumba za kawaida, mama mkwe wangu Batulbai akapika tangu alfajiri, wageni wakaonja chumvi kabla ya kula kama ilivyo desturi yetu, wakajaribu kiwango kipya picha ikatulia, wakajaribu cha zamani picha ikakatikakatika kama vigae, na hapo mama mkwe akaona aibu, akasema, "Moiz, mgeni aliyeonja chumvi yangu haondoki na picha mbovu, panda juu," Moiz akaipandisha antena kwenye mnara wa tangi letu la maji, picha ikang'aa, wahandisi wakacheka, wakaongezewa chai, wakaandika kwamba viwango vyote viwili vinafaa.

Sasa kampuni inasema kwa kuwa vyote vinafaa itatumia cha zamani, na Jumamosi ni mkutano wa kuridhia. Jirani yangu Consolata ana mgahawa bondeni, watu humjia kutazama habari na mpira, naye amejaribu king'amuzi cha zamani kwa matangazo ya majaribio yanayoendelea, akapata giza tupu, akaja dukani akaniambia mbele ya wateja, "Shoga, tuazimeni na sisi hilo tangi, tutalibeba kwa zamu," watu wakacheka, mimi nikajifanya nafunga sukari. Nataka kusimama mkutanoni niseme, lakini Moiz anasema, "Ukimwaibisha Maa mbele za watu, umeniaibisha mimi," na huyo Maa, mama mkwe wangu, amenilea kama bintiye tangu niolewe. Majina yote nimeyabadilisha. Nifanyeje?

Nilofer, Maramba


Nilofer,

"Kipimo ni kipimo," anasema mumeo. Si kweli. Huko ni kumpima homa muuguzi, kisha kumwandikia dawa mgonjwa. Nyumba ya kawaida ya Maramba haina mnara wa chuma uani. Kilichopimwa siku ile ni tangi lenu, na tangi halitazami televisheni.

Mama mkwe wako simlaumu sana. Ni mwanamke aliyefundishwa kwamba mgeni akiona upungufu nyumbani mwake, aibu ni yake. Lakini wale wahandisi hawakuja kama wachumba kuangalia kama nyumba ina heshima. Walikuja kutafuta upungufu. Picha iliyokatika ndiyo iliyokuwa haki yao, naye akawanyima, akawapa sambusa.

Hasira yangu nimewawekea wao. Mtu mzima, amesomeshwa, ametumwa kupima, anaona antena inapanda juu ya tangi mbele ya macho yake, naye anasogeza kikombe aongezewe chai. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni kaja, kapona mgeni, na kampuni yake imepata pa kutumia mitambo iliyokuwa ikila vumbi.

Nawe usijifiche nyuma ya sukari. Mimi umeniandikia barua ndefu kama ukuti. Consolata, aliyesimama mbele yako, hukumpa hata neno. Unaogopa mama mkwe ataaibika Jumamosi, na mwenzako ameshaaibika kwa wateja wake wanaotazama kioo cheusi. Haki ya jirani huko kwenu imeishia mlangoni mwa duka?

Umebadilisha majina, haya. Ila tangi hukulibadilisha, na Maramba nzima inajua lilipo. Kwa hiyo umeshasema, bibi. Kilichobaki ni Maa asiyasikie haya kwa mtu mwingine. Ukimaliza kusoma, funga duka, nenda kaketi naye, umsomee barua yako na jibu langu, hata pale ninapomgusa. Moiz awepo, asikie aibu yake inavyosomwa kwa sauti. Kisha mwambie Maa asimame mwenyewe Jumamosi na aseme, "Niliamuru antena ipandishwe, sikutaka wageni waone vibaya." Hakuna atakayemcheka mzee anayesema hivyo. Watakaoinamisha vichwa ni wengine. Akikataa, simama wewe, useme maneno hayohayo, bila kumtaja kwa ubaya na bila kulia. Moiz akinuna, mwache anune; atakula tu.

Nanyi watu wa bondeni, msiridhie chochote Jumamosi kabla kipimo hakijarudiwa. Na ninyi wahandisi, najua mnasoma ukurasa huu, maana mlinipigia simu mara ya mwisho nilipowagusa. Rudini Maramba. Pimeni kwa Consolata, antena ikiwa juu ya paa lake la bati, mbele ya wateja wake. Na chai mje nayo yenu.

Asaad