Koti la Nahodha

Kaka,

Huku hatujambo, ila baba amepagawa na tamthilia ya anga za mbali. Maroketi hayamhusu, yakianza kurushiana moto, yeye huenda jikoni kuinjika chai. Anachofuata ni watu, hasa nahodha aliyegombana na baba yake akaapa harudi duniani.

"Kichwa kigumu huyu," husema, "lakini moyo wake safi." Majirani huja kutazama naye, na anayemsema nahodha vibaya hapewi chai.

Mwezi uliopita akaamua kwamba huko angani kuna baridi. Unamjua, fundi cherehani hastaafu. Akamshonea nahodha koti zito la buluu, lenye bitana na mifuko ya ndani. Nikamuuliza vipimo amevipata wapi, maana mteja yuko ndani ya televisheni. Akasema amekisia tu.

Jana nililifungua daftari lake la vipimo. Ukurasa aliouacha wazi ni wa miaka saba iliyopita, mwaka ulioondoka, na juu yake ameandika: Mwanangu.

Koti linaning'inia nyuma ya mlango. Ijumaa ni sehemu ya mwisho, na nahodha hatakuja kulichukua.

Mdogo wako,
ambaye hajakuambia kitu