Naomba Niruhusiwe Kuendesha Tingatinga la Theluji

Kijiji cha Sawane,
Yamagata, Japani.
28 Novemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Kosaku,

Hujambo huko Brazili? Shemeji na watoto hawajambo? Mgongo wako je, bado unakusumbua? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia. Nina woga, na hapa sina wa kumwambia.

Mzee Murayama macho yamemwishia, ameacha kuendesha tingatinga la kuondoa theluji barabarani. Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti aliuliza nani atamrithi. Unatujua: kila mtu alichungulia kikombe chake cha chai kana kwamba kimeingia nzi. Nikainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Sifai kitu, lakini naomba niruhusiwe kuifanya kazi hiyo mimi."

Sikungoja kubembelezwa, kama adabu inavyotaka. Mmoja akacheka, "Dada Hisae, lile si toroli la bustani." Nikatoa leseni niliyoisomea kimyakimya kiangazi chote.

Halmashauri wakanipa fomu nieleze kwa nini naitaka kazi. Nikaandika kwamba nitajitahidi kwa nguvu zangu zote. Karani akaisoma, akaniambia, "Hivi huandika kila mtu, mama. Wewe hasa una nini?"

Tumefundwa kujishusha, Kosaku. Kulitaja la moyoni ni aibu. Lakini nililitaja. Nilimwambia kwamba Januari, marehemu mume wangu Eikichi aliposhikwa na maradhi ya moyo, gari la wagonjwa lilikwama bondeni, nami nilisimama dirishani saa nne nzima nikingoja mtu aje kutufungulia njia.

Basi kazi nimepewa, na usingizi umenitoka. Kule kwenye korongo, theluji ikishuka huoni ukingo wa barabara, ila mianzi iliyochomekwa kando kuuonyesha. Mzee Murayama ananionya kila siku, "Ukiikosa mianzi, simama." Nikisimama, jirani yangu Bibi Tomi, mgonjwa wa figo, hafiki hospitali kusafishwa damu. Nisiposimama, naweza kutumbukia. Nilijitakia mwenyewe, wala sina wa kumlaumu.

Redio inasema usiku huu itaanguka theluji nyingi. Nisalimie shemeji, na wabusu watoto, Emi na Takeo. Mababu wakulinde, na mgongo upoe.

Nilikuwa namalizia barua hii, Bibi Tomi akapiga simu. Nilitarajia aniulize kama nitaweza. Aliuliza nitapita saa ngapi, ili awe amekwisha kuvaa viatu.

Nimemwambia saa moja asubuhi.

Dada yako anayekukumbuka daima,
Hisae