Macho ya Kaka Yangu Kamugisha

Mjukuu wangu Projestus,

Hapa Kibeta tu wazima. Mama yako amemaliza kupalilia kibanja, na migomba imezaa vizuri.

Umeniuliza kama ni ugonjwa, hiyo hali ya kutotofautisha nyekundu na kijani. Si ugonjwa, mwanangu. Ugonjwa tunaujua, umetuzikisha wengi. Hayo macho umeyarithi kwetu, kupitia kwa mama yako. Kaka yangu Kamugisha alikuwa nayo. Nyumbani alikatazwa kuchuma kahawa, maana alichanganya mbichi na mbivu.

Mwaka wa vita tulikimbilia kwa shangazi, Buganguzi. Tulikuwa wengi, na chungu kilikuwa kimoja. Asubuhi moja senene wakashuka, panzi wa kushibisha kijiji kizima. Kuokota senene ilikuwa kazi yetu wanawake, tukainama kwenye nyasi. Wa kahawia tuliwapata, lakini wa kijani hatukuwaona mpaka waruke. Kamugisha hakujali kuchekwa. Alitufuata nyuma, akaokota palepale tulipokwisha kupita, mpaka kapu likajaa.

Shangazi akashika kiuno. "Wewe, unawaonaje hawa?"

"Ninyi mnatafuta rangi," akasema. "Mimi natafuta miguu."

Siku hiyo kila mtoto alilala ameshiba, na hakuna aliyemcheka tena.

Kwa hiyo usijifiche darasani. Mwambie mwalimu, mtapata njia.

Na mwezi wa kumi na moja uje na kapu. Tangu Kamugisha atutoke, senene wa kijani wanabaki kwenye nyasi.

Bibi yako,
Ma Justa