Aliyemvisha Baba Nishani

Sofu, Kibaha
9 Mei

Kwako kaka yangu Magembe,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii, ikishasomwa na askari wa huko gerezani, ikukute unapumua vizuri na kile kifua kimeacha kukubana usiku. Je, sweta nililokutumia lilikufikia? Sisi huku tupo, Mungu anatutazama. Duka langu la vitenge pale Maili Moja bado limesimama. Mama anakusalimu sana, ingawa magoti hayamwachi.

Nakuandikia habari za baba. Nitazieleza tangu mwanzo, maana ukizipata vipande vipande zitakuumiza zaidi.

Kabla ya Pasaka walifika Maneromango wajumbe wa Mtemi kutoka kwetu Usukumani. Unajua utawala wa watemi ulikwisha zamani, lakini ukoo ule bado unaheshimiwa, na siku hizi huwatunuku watu waliotumikia jamii na kulinda mila. Walisema Mtemi amemteua baba kwa kuzitunza nyimbo za ngoma ya kwao miaka yote hii ya ugenini, na kwa kuwapatanisha wafugaji na wakulima. Baba hakufurahi. Aliwauliza kama wanajua mwanawe yuko wapi na kwa nini. Wakamjibu kwamba wanajua, na ndiyo maana wamekuja.

Kaka, wewe hukuwepo kuyaona yaliyofuata. Ng'ombe wetu walipoingia kwenye mihogo ya Adamu, fimbo yako ikampata kichwani, Adamu akafa, wafugaji wengi walihama kwa hofu. Baba alikataa kuhama. Alikwenda kwa Mzee Mwishehe, baba yake Adamu, akakaa barazani bila kukaribishwa. Kesho yake akarudi. Akaendelea hivyo mpaka siku moja akapewa maji ya kunywa. Baadaye vijana wa Kizaramo wakaingia kwenye kikundi chake cha ngoma, wakawa wanacheza na wetu, na ng'ombe wakila shamba la mtu, watu huitana kwanza kabla ya kushika fimbo. Hayo ndiyo yaliyomfikia Mtemi.

Sherehe ilifanyika uwanja wa shule, mvua ikitishia. Kwa mila, anayemvisha mzee nishani ni kifungua mimba wake. Mjumbe alipouliza yuko wapi, watu wote walitazama chini. Niliinuka niende mimi. Baba akanizuia kwa mkono, akamgeukia Mzee Mwishehe.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi na wewe leo hatuna vifungua mimba wetu hapa. Ukiona vema, nivishe wewe. Ukikataa, nitarudi nyumbani bila hiyo nishani na sitakulaumu."

Mzee Mwishehe aliinuka polepole kwenye kiti chake. Kisha akaja, akaichukua ile nishani ya shaba, akamfunga baba shingoni. Wanawake wakaanza vigelegele, akawanyamazisha.

"Nimemvisha Kashindye kwa sababu anastahili," akasema. "Msije mkasema nimemsamehe mwanawe. Huyo mie sijamsamehe."

Akarudi kwenye kiti chake, akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Walimwomba baba aimbe. Hakuimba.

Sasa kaka, jikaze. Baba ametutoka. Wiki iliyofuata sherehe alishikwa na homa ya mapafu. Tulimkimbiza Kisarawe hospitali, barabara ikiwa tope tupu, na hatukufika. Alikata roho njiani, kichwa chake kikiwa mapajani pangu. Neno lake la mwisho lililosikika lilikuwa jina lako. Nilitaka kupiga simu huko gerezani, mama akakataa. Alisema msiba huu usiupate kwa mdomo wa askari, uupate kwa mkono wa ndugu yako. Kama tumekosea, utusamehe.

Tumemzika Maneromango. Mzee Mwishehe ndiye aliyepiga jembe la kwanza la kaburi, na uzee wake ule, vijana wakimsihi apumzike. Watu walipotawanyika aliniuliza utatoka lini. Nikamweleza. Akanituma nikwambie kwamba siku utakayotoka, kabla hujaenda kwenye kaburi la baba yako, upite kwake kwanza.

Nilimuuliza kama maana yake amekusamehe. Akaniambia hajui. Akasema wewe upite tu.

Lia, kaka, usijizuie. Mama, mashemeji zako na watoto wote wanakupa pole na wanakuombea afya. Mungu akushike mkono huko uliko.

Ni mimi mdogo wako,
Elina Kashindye