King'amuzi cha Mama Yako

Majengo, Sumbawanga

Mpwa wangu Abeli,

Huku tu wazima, na ulezi umekauka vizuri. Miguu bado inamsumbua mama yako, kwa hiyo misa ya Jumapili huitazama nyumbani kwake Mwimbi.

Mimi ndiye niliyemshauri akitoe king'amuzi ulichomnunulia. Kampuni ilimpa pia programu ya kutazamia kwenye simu, nikamweleza kwamba hiyo ni ya bure kabisa. Akawapa wanakwaya king'amuzi. Kumbe ile bure imo ndani ya malipo ya king'amuzi. Kifurushi cha king'amuzi kilipoisha, programu ya simu nayo ikafungwa. Na programu ukiitaka peke yake, bei yake haipishani sana na ya vyote viwili. Wamepanga hivyo ili mtu asiondoke.

Jumapili nilimkuta ameishika simu isiyoonyesha kitu, rozari mkononi. Akacheka: "Kaka mwalimu, somo hili umelifundisha kabla hujalisoma!" Nilishindwa kumtazama.

Nimempelekea king'amuzi kingine, nikasema umekituma wewe. Akikupigia kukushukuru, itikia tu. Akijua nimeng'oa cha kwangu, atakirudisha.

Mjomba wako,
Adriano